Redio ya kuzungushwa kwa mkono: nimeijaribu Mbale na Bududa, haya ndiyo majibu yangu

Kuna redio nyekundu ya kuzungushwa kwa mkono ambayo imejaa madukani hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, tangu maporomoko ya udongo ya Bulambuli. Watu wananiletea mezani hata nailoni yake hawajaitoa, wananiuliza: fundi, nimepata kitu au nimeibiwa? Mimi natengeneza redio na simu Naboa Road. Baba yangu alikuwa askari, nikalelewa kwa Kiswahili cha kambini. Mama yangu ni Mmasaba wa Bududa, na upande wa mama bado wako kule mlimani Elgon. Kwa hiyo redio hii sikuipima mezani peke yake. Niliipandisha mpaka Bukalasi, huko Bududa, nikamwachia mama yangu mdogo msimu mzima wa mvua, ndipo nikaandika.

Jibu langu kwa ufupi: kama unaishi kwenye mteremko, iwe Bududa, Bulambuli, Sironko, Manafwa au Namisindwa, inunue. Lakini usitoe hata shilingi moja kwa ajili ya kile kitufe cha WB (weather band, yaani mawimbi ya hali ya hewa) ambacho muuzaji atakisifia kuliko vyote.

Kwanza kitu chenyewe. Plastiki yake ni ngumu, inashikika kwa mkono mmoja. Juu ina kipande cha sola, nyuma mkono wa kuzungushia unaokunjika, mbele tochi, ubavuni tundu la kuchajia simu, na kitufe cha king'ora kilichojificha pembeni ya spika. Swichi ya mawimbi ina nafasi tatu: AM, FM na WB. Mbale wanaiuza kati ya shilingi 90,000 na 120,000, kutegemea duka na unavyojua kupatana. Kampala, madukani karibu na Nakivubo, nimeikuta kwa 75,000. Zipo za majina mbalimbali kwenye boksi, ila ukizifungua ndani ni ndugu mmoja.

Sasa WB. Mama mmoja alipanda teksi kutoka Bududa akanifuata akiwa na redio mpya ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki. Aliambiwa dukani kwamba akibonyeza pale ataambiwa mvua kubwa inakuja lini. Alipofika nyumbani akabonyeza, akasikia mvumo. Akahamisha namba moja hadi saba, mvumo. Akadhani ameuziwa mbovu. Niliipima mbele yake: redio ilikuwa nzima kabisa. Kilichokosekana ni mtu wa kuongea upande wa pili.

Mawimbi hayo yaliwekwa kwa ajili ya Marekani na Canada. Marekani, shirika la serikali la bahari na anga, NOAA, lina mitambo zaidi ya 1,000 inayosoma habari za hali ya hewa usiku na mchana kwenye masafa saba, kuanzia megahezi 162.400 hadi 162.550. FM yetu inaishia 108. Hapa Uganda hakuna mtambo unaosoma hali ya hewa kwenye masafa hayo, wala Kenya, wala Tanzania. Wasomaji wa pwani watakumbuka kimbunga Hidaya, Mei 2024: Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania ilitangaza mapema, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa, na habari ilipita redio za kawaida, televisheni na simu. Hata wao kitufe hiki hakiwafai kitu. Muuzaji anayemwambia mama wa kijijini kwamba kitufe hiki kitamwamsha mlima ukianza kusogea anacheza na roho za watu, na ningependa aache.

Kwa nini basi kimewekwa? Hilo nililijua vizuri kupitia mdogo wangu wa kike, anayefanya kazi ya kutunza wazee St. Petersburg, Florida. Yeye ana redio ya namna hii hii juu ya friji, na kule kitufe hicho kina kazi kweli. Ya kwake inakaa kimya siku nzima. Likitokea tangazo la hatari, mtambo unatuma mlio mmoja mkali wa hezi 1,050, na redio ikiusikia inajifungua yenyewe na kuanza kusema, hata kama mwenyewe amelala fofofo.

Oktoba 2024 alinipigia. "Kaka, redio imelia." Dhoruba iliyopewa jina Milton tarehe 5 kwenye Ghuba ya Mexico ilikuwa, kufikia tarehe 7, imepanda hadi daraja la 5, ambalo ndilo la mwisho, upepo wa zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Wiki mbili tu nyuma kimbunga Helene kilikuwa kimeingiza bahari kwenye nyumba za watu katika wilaya yao, Pinellas, na magodoro na makabati yaliyooza yalikuwa bado yamerundikwa barabarani yakisubiri lori. Sasa kinakuja kingine.

Kule kila nyumba iliyo karibu na maji inajua herufi yake. Ramani imegawa watu kwa A, B, C na kuendelea, kufuatana na jinsi bahari inavyoweza kuwafikia. Amri ikitoka haisemi tu "watu wahame". Inasema A, B na C wahame, pamoja na wote wanaoishi kwenye nyumba za kuburutwa na magari, hata kama ziko juu. Mzee anayetunzwa na mdogo wangu yuko A. Aliniambia alivyofanya: dawa za mwezi mmoja, vyeti na kadi za hospitali ndani ya mfuko usiopitisha maji, nguo mbili mbili, maji ya kunywa, redio, na paka wa mzee kwenye kikapu. Mafuta ndiyo yaliyomtesa. Vituo vingi vilikuwa vimekauka, akajaza nusu tangi kwenye kituo cha tatu. Barabara ya I-75 ya kwenda kaskazini ilijaa hata polisi wakaruhusu magari yapite pembeni, pale pasiporuhusiwa kupita. Meya wa Tampa, Jane Castor, alikwenda kwenye televisheni akasema bila kuzunguka kwamba atakayeamua kubaki kwenye maeneo yaliyoamriwa kuhama atakufa. Mdogo wangu alisema maneno yale yalimtoa mzee kwenye kiti. Kabla ya hapo alikuwa anakataa.

Milton ilitua usiku wa tarehe 9 huko Siesta Key, kusini kidogo ya kwao, ikiwa imeshuka hadi daraja la 3. Kwa sababu ilipita kusini, upepo uliyasukuma maji ya ghuba ya Tampa kwenda nje badala ya kuyaingiza ndani. Mahali walipoambiwa bahari itafika madirishani, bahari ilirudi nyuma. Mvua lakini ilimwagika, zaidi ya milimita 400 St. Petersburg, paa la uwanja wao wa besiboli likachanika vipande vipande, na nyumba na biashara zaidi ya milioni tatu Florida zikakosa umeme. Upande wa pili wa jimbo, chamchela zilizoitangulia dhoruba ziliua watu wilaya ya St. Lucie. Mdogo wangu aliporudi alikuta sakafu ya mzee kavu. Majirani wengine walinung'unika: tumechoma mafuta, tumelala kwenye gari, na maji hayakuja. Nilimuuliza yeye anaonaje. Akasema, "Kaka, redio ikilia tena nitaondoka tena."

Redio yetu nyekundu ilibuniwa kwa maisha hayo. Mkono wa kuzungushia, kipande cha sola, tochi, tundu la simu: vyote ni kwa ajili ya mtu aliyeambiwa siku mbili kabla, akahama, halafu akarudi kukaa wiki bila umeme. Kanuni yao ni kwamba onyo kamili la kimbunga litoke saa 36 kabla ya upepo mkali kufika. Saa 36! Mama yangu mdogo hajawahi kupewa hata saa moja.

Sisi vimbunga vya namna ile hatuvipati. Vinahitaji bahari yenye joto na vinahitaji mzunguko wa dunia uvisokote, na karibu na mstari wa ikweta msokoto huo hautoshi. Ndani ya nyuzi tano hivi za mstari ni nadra mno kuzaliwa, na Uganda ikweta inaikata upande wa kusini. Hatari yetu inatoka juu ya vichwa vyetu, kwenye udongo mzito wa mfinyanzi wa mlima Elgon, ulioshiba maji kwenye mteremko mkali ambao miti yake imekatwa. Tarehe 1 Machi 2010 ulishuka Nametsi, Bududa, ukafunika kituo cha afya na soko. Tarehe 11 Oktoba 2018 mto Suume ulishuka na mawe na matope hadi Bukalasi. Usiku wa tarehe 27 Novemba 2024 ikawa zamu ya Buluganya, Bulambuli. Serikali imewahamisha baadhi ya watu, kwanza Kiryandongo, baadaye Bunambutye, lakini wengi wako pale pale, kwa sababu kahawa yao iko pale na makaburi ya wazee wao yako pale.

Utabiri wa msimu unatolewa, sikatai. Unasema mvua za Septemba hadi Desemba zitakuwa juu ya kawaida maeneo ya Elgon, watu wachukue tahadhari. Ni kweli na unasaidia. Ila hauna herufi A wala B. Hausemi mteremko gani, usiku gani. Hilo anayelijua ni mtu anayelala pale, anayeona ufa umepasuka kwenye shamba la ndizi, mlango uliokuwa unafunga umeanza kukwama, mti umeinama, chemchemi iliyokuwa safi asubuhi inatoa maji ya rangi ya chai jioni. Kwa hiyo mimi redio hii sikuipima kwa kusema itamwonya mama. Nilitaka kujua kama itamsaidia mama kuwaonya wenzake, na kama itamletea sauti ya watu wengine baada ya hapo.

Mezani kwangu ilionyesha hivi. Betri ya ndani ni ile ya duara ya 18650, ya kwenye laptop, na hilo nililifurahia sana. Ikifa, fundi yeyote atakubadilishia kwa elfu kumi hivi. Lebo inasema inabeba chaji ya 2,000 mAh, lakini nilizopima zilitofautiana vibaya. Moja ilikaribia 1,900, nyingine haikuvuka 1,100. Mkono wa kuzungushia unafanya kazi vizuri kuliko nilivyotegemea: dakika moja ya kuzungusha kwa mwendo wa kawaida inakupa kama dakika tano za redio kwa sauti ya chini. Ukipandisha sauti, dakika hizo zinaisha upesi. Gia za ndani ni za plastiki. Watoto wakiigeuza kuwa kitu cha kuchezea, meno yanalika, na ukisikia inaruka ruka unapozungusha ujue yameanza kwisha. Zungusha polepole na kwa upande mmoja.

Sola ni dhaifu, tusidanganyane. Kuiacha juani kutwa nzima kunaongeza kiasi cha kusikiliza taarifa ya habari ya jioni na kuwasha tochi kidogo, basi. Msimu wa mvua mlimani, ambako ukungu unaweza kukaa mpaka saa sita mchana, usiitegemee kabisa. Kuchaji simu kubwa kwa kuzungusha ni kuumiza bega bure. Katochi, ile simu ndogo ya vitufe, lakini inawezekana: ukikaza mkono kama dakika kumi unapata chaji ya kupiga simu moja au mbili, na usiku wa hatari simu moja kwa mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, ndiyo unayoihitaji.

Tochi ni nzuri kweli. Inamulika njia ya miguu hadi kwenye migomba ya jirani, na haili betri. Ile taa ndogo ya ubavuni inatosha kuandalia watoto chakula.

FM: Mbale mjini inashika vituo vyote bila shida. Bukalasi ni habari nyingine, kwa sababu mabonde yale yana kuta. Kwa mama mdogo, ndani ya nyumba, kituo kimoja tu kiliingia safi. Nilipotoa antena nje ya dirisha na kuinua redio kwenye rafu ya juu, vikaongezeka viwili. Kwa hiyo nilimpimia mahali, nikapigilia kirafu, na nikachora alama ya kalamu kwenye kioo cha masafa pale kituo kinaposhika. AM usiku inaleta Kiswahili cha upande wa Kenya, kwa mbali, ikipanda na kushuka.

Kilichonishangaza ni spika. Mezani nilisema sauti ni kubwa. Lakini Bukalasi mvua ilipopiga mabati, sauti ile ikafa. Nilikuwa nimekaa na redio mapajani, nimeifungua mwisho, na sikusikia hata kama ni mwanamume au mwanamke anayesema. Mtu aliyeitengeneza sidhani aliwahi kulala chini ya bati lisilo na dari wakati wa mvua ya Elgon. Ndiyo wakati hasa unapoihitaji. Dawa yake ni spika ya sikioni; tundu lake lipo, na zile za shilingi 3,000 zinatosha. Zinunue siku hiyo hiyo, uzifunge kwenye antena kwa mpira zisipotee.

King'ora ndicho kilichonishawishi. Kina mlio mwembamba, mkali, wa kuchoma masikio, na mlio wa namna hiyo unapita katikati ya kelele za bati pale sauti ya mtu isipopita. Tulijaribu mchana, mvua ikinyesha: mtoto wa jirani ng'ambo ya korongo alisikia na akapunga mkono. Mama mdogo akaniangalia, akasema, "Mwanangu, hiki ndicho kitu. Mimi kupiga kelele siwezi tena, kifua hakina nguvu."

Basi tukakaa na majirani na mwenyekiti wa LC kwenye kibaraza chake, tukakubaliana. King'ora kikilia mara moja na kunyamaza, ni mtoto amecheza. Kikilia bila kukoma, kila mtu anatoka na anaelekea shule iliyo kwenye mgongo wa kilima, si kwenye kanisa la chini karibu na mto, hata kama kanisa ni karibu zaidi. Wenye wagonjwa wanaanza kutoka wakiona chemchemi imebadilika rangi, hawasubiri mlio. Mwenyekiti aliandika majina ya wazee wasioweza kutembea na vijana wa kuwabeba. Huwezi kuinunua karatasi ile dukani, na bila yake king'ora ni kelele tu.

Usiku mmoja wa mvua uliobisha hodi mwezi wa kumi na moja, mama mdogo alitoka na tochi kutazama chemchemi. Maji yalikuwa yamegeuka kuwa matope na ufa wa juu ya zizi ulikuwa umepanuka, mguu wa mtu ungeingia. Akabonyeza. Watu walitoka na gambuti, na watoto mgongoni, na mbuzi, wakapanda hadi shuleni. Walikaa madarasani mpaka kukapambazuka, wamebanana, akina mama wamewafunika watoto kwa vitenge. Ndiyo hapo FM ilipowaangusha: mvua ilipopungua walifungua redio kusikia kama kuna habari ya upande mwingine wa mlima, wakakuta muziki uliorekodiwa, wimbo baada ya wimbo, hakuna mtu aliye macho. Asubuhi mlima ulikuwa pale pale. Ufa uko, udongo haukushuka. Wakarudi nyumbani na miguu ya tope.

Wapo walionung'unika, kama wale majirani wa St. Petersburg. Mzee mmoja alisema amelala chini kwa ajili ya kelele za redio. Nilimpigia mama mdogo kumuuliza kama amevunjika moyo. Akanijibu kwamba dada zake wawili wa ukoo walikuwa Nametsi, na kwamba atabonyeza kila atakapoona maji yamechafuka, wanaotaka kununa wanune wakiwa shuleni.

Maji na redio yenyewe: boksi linasema inavumilia maji. Inavumilia matone, basi. Isiingie mtoni wala isizame. Nalisema hili nikijua, kwa sababu usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika hapa Mbale, wiki zilizofuata meza yangu ilijaa redio na simu zenye tope hadi ndani ya spika. Zilizopona ni zile ambazo wenyewe hawakuziwasha. Ikilowa, toa betri mara moja, fungua skrubu, suuza kwa maji safi, anika kivulini siku kadhaa. Usiiweke karibu na sigiri. Na kabla hayo hayajatokea, ifunge kwenye kaveera nene mbili, fundo juu, pamoja na kitambulisho na dawa. Mfuniko mdogo wa mpira unaoziba tundu la chaji hulegea baada ya muda. Ukilegea, bandika plasta.

Mtu wa mjini, wa Namakwekwe au Kumi Road, mwenye umeme na simu kubwa, simshauri atoe laki moja. Redio ya sola ya kawaida ya shilingi 35,000 na tochi nzuri vinamtosha. Wala sisemi mlimani kila nyumba iwe nayo. Bei hii ni kubwa mno kwa mkulima anayesubiri kahawa iive. Moja kwa kila kundi la nyumba kumi hivi zinazosikiana, ikakaa kwa mtu asiyelala sana na asiyeogopa kulaumiwa, hiyo inatosha. Wakichanga hawataumia. Waliobaki wawe na filimbi.

Ukienda dukani, mwambie muuzaji afungue mlango wa betri uone ni ya duara inayotoka, maana zipo ambazo betri imechomelewa ndani. Zungusha mkono ukiwa umeweka sikio: unataka mvumo laini, usisikie meno yakigongana. Bonyeza king'ora palepale dukani hata kama watu watageuka. Washa FM ukiwa umekunja antena, kisha uikunjue, usikie tofauti. Kama hakuna tofauti, waya wa antena umekatika ndani, nimekutana nazo nyingi. Akikuambia habari za WB, mwombe akushikie kituo kimoja tu. Halafu anza kupatana bei upya.

Wenye vituo vya FM vya huku, ombi langu ni dogo: msimu wa mvua mwacheni mtu mmoja macho studioni usiku, mwenye namba za wenyeviti wa LC wa mlimani, anayeruhusiwa kukata wimbo akasema. Mitambo mnayo tayari.

Redio zinazopita mezani kwangu nabandika plasta juu ya WB, na juu ya plasta naandika masafa ya kituo kinachoshika kijijini kwa mteja na namba ya mwenyekiti wake. Ukija na yako, hiyo sitozi.